Kutafuta na kutazama rekodi za kamera za ulinzi: maswali ninayoulizwa kila wiki

Mimi ni fundi wa kamera Kisumu. Nimefunga kamera kwenye maduka ya Kibuye, ploti za Mamboleo, na mara mojamoja Ahero na Maseno. Ila simu nyingi ninazopokea si za mtu anayetaka kamera mpya. Ni za mtu aliyeamka akakuta kufuli limekatwa, mashine ya kurekodi iko pale chini ya kaunta inawaka taa, na hajui aguse wapi. Maswali nimeyaacha jinsi wanavyoyauliza.

Fundi, nimeibiwa usiku. Nianze na nini?

Anza kwa kutobadilisha chochote. Usiguse mipangilio, usikubali ujumbe wowote unaokuomba uandae diski upya (format), na hata ukiona saa ya mashine imekosea, usiirekebishe. Chukua simu yako, ishike kando ya skrini ya mashine ili saa zote mbili zionekane, mwambie mtu apige picha. Picha hiyo moja itakusaidia leo na hata miezi sita ijayo mbele ya hakimu.

Kisha angalia rekodi ya zamani kabisa iliyobaki ni ya siku gani. Kama mashine bado ina wiki nzima, una nafasi ya kunywa chai. Kama ina siku tatu tu, nakili leo leo, kwa sababu diski ikijaa mashine huandika juu ya rekodi za zamani bila kumuuliza mtu.

Rekodi ziko wapi kwenye programu?

Inategemea unatazama kwa njia gani. Ukiwa mbele ya mashine yenyewe, ile iliyoandikwa DVR au NVR, unatumia skrini na kipanya chake. Kwenye kompyuta kuna programu ya mtengenezaji: walio na Hikvision hutumia iVMS-4200, walio na Dahua hutumia SmartPSS. Kwenye simu ni Hik-Connect na DMSS. Sura zao zinatofautiana, lakini mwendo ni uleule. Tafuta neno Playback, au alama ya pembetatu iliyolala ikielekea kulia. Chagua kamera. Chagua tarehe kwenye kalenda. Siku zenye rekodi huwa na alama ndogo au rangi tofauti. Bonyeza utafute, na chini utaona mstari mrefu wa saa 24 ukiwa na rangi. Palipo na rangi pana rekodi, palipo wazi hapana. Rangi moja ni ya kurekodi mfululizo, nyingine ni ya mwendo ulionaswa, na kila mtengenezaji ana rangi zake, kwa hiyo soma maelezo madogo pembeni.

Chagua kamera moja au mbili tu. Watu hufungua zote nane kwa pamoja, mashine inaanza kukwama, halafu wanasema imeharibika.

Soja anasema ilikuwa saa nane usiku, Jumanne. Nimetafuta Jumanne saa nane, naona watu wananunua simiti mchana.

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na naomba ulisome polepole, maana nusu ya rekodi "zilizopotea" ninazoitwa kuzitafuta zimepotelea hapa.

Mashine haijui Kiswahili. Saa yake huanza saa sita usiku, ambapo huandika 00:00, na kwenda mpaka 23:59. Saa nane usiku ya soja ni 02:00 ya mashine. Saa nne na nusu usiku ni 22:30. Saa kumi na moja alfajiri ni 05:00. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza sita: saa tatu asubuhi inakuwa 09:00, saa kumi jioni inakuwa 16:00. Giza likiingia, ongeza kumi na nane: saa moja usiku ni 19:00, saa tano usiku ni 23:00. Ikishapita saa sita usiku, toa sita: saa saba ni 01:00, saa tisa ni 03:00.

Watu wengi hilo la saa wanalikumbuka. Linalowaangusha ni tarehe. Soja aliingia zamu Jumanne jioni na akatoka asubuhi. Kwake yeye usiku ule wote ni Jumanne, hajalala, siku haijabadilika. Kwa mashine, saa sita usiku ilipogonga ikawa Jumatano. Kwa hiyo "saa nane usiku wa Jumanne" ya soja ni Jumatano 02:00. Lakini mama mwenye duka akisema "saa nane usiku wa Jumanne" huenda anahesabu kama simu yake inavyohesabu, na kwake ni usiku mwingine kabisa.

Dawa yake tunayo kwenye lugha yetu wenyewe, na matangazo ya redio huitumia kila siku: usiku wa kuamkia. Usimuulize soja "ilikuwa siku gani?" Muulize, "ulikuwa usiku wa kuamkia siku gani?" Akisema kuamkia Jumatano, kila kitu baada ya saa sita kitafute Jumatano, na kila kitu kabla ya hapo kitafute Jumanne.

Muulize pia ameijuaje hiyo saa. Aliangalia simu? Alikuwa ametoka kupokea simu? Au amekadiria tu? Sisemi soja ni mwongo. Mtu aliyesikia bati likilia gizani haangalii saa kwanza. Saa ya kukadiria, tafuta saa nzima mbele yake na saa nzima nyuma yake.

Nimefuata hayo yote na bado hakuna kitu.

Basi saa ya mashine yenyewe imekosea. Kuna njia mbili inavyokosea.

Ya kwanza ni ukanda wa saa. Mashine nyingi zinatoka kiwandani China zikiwa zimewekwa GMT+08:00. Sisi tuko GMT+03:00. Fundi mwenye haraka akiacha hivyo halafu mashine ikachukua saa kutoka kwenye intaneti, itakuwa saa tano mbele. Wizi wa saa nane usiku utaukuta kwenye 07:00.

Ya pili ni betri. Ndani ya mashine kuna betri bapa kama sarafu, mara nyingi CR2032, inayoshikilia saa wakati stima imepotea. Ikiisha, stima ikipotea na kurudi mashine husahau siku na kurudi mwaka wa nyuma sana, 2000 au hata 1970. Rekodi zipo, ila zimeandikwa tarehe ambayo hutafikiria kuitafuta. Fungua kalenda urudi nyuma miaka, utashangaa.

Utajuaje saa ilikuwa imekosea siku ya tukio, si leo? Tumia jua. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza yapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla au karibu na saa moja jioni. Kamera za kawaida usiku huonyesha rangi ya kijivu, kukipambazuka zinarudi kwenye rangi kamili. Tafuta dakika ile picha inapobadilika. Ikiwa mashine inaonyesha 06:20 au 06:40, saa iko sawa. Ikiwa inaonyesha 11:30, iko saa tano mbele, na sasa unajua utoe tano kila mahali. Njia hii haihitaji kifaa chochote, na sijaona ikinidanganya zaidi ya nusu saa, labda siku ya mawingu mazito.

Narudia: nakili rekodi kwanza, rekebisha saa baadaye. Niliwahi kurekebisha saa kabla ya kunakili, kwenye duka moja la vipuri, nikijiona mwangalifu. Nilikuwa nimeirudisha nyuma saa tano, basi rekodi mpya zikaanza kuangukia saa zilezile za rekodi za zamani kwenye mstari. Tulihangaika mchana kutwa kuzitenganisha.

Sijui hata saa. Pikipiki ilikuwepo jioni, asubuhi haipo. Nitazame usiku mzima?

Hapana. Gawa katikati.

Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi ni dakika 720. Ruka moja kwa moja hadi saa sita usiku, yaani 00:00. Pikipiki ipo? Basi iliondoka baadaye. Ruka hadi 03:00. Haipo? Basi iliondoka kati ya saa sita na saa tisa, rudi 01:30. Endelea hivyo, kila mara ukikata nusu. Ukiruka mara nane umebakiwa na chini ya dakika tatu, na hizo unaweza kuzitazama kwa mwendo wa kawaida hata mara kumi. Nimemwona mzee mmoja aliyekesha siku mbili akitazama kwa kasi ya mara nne, macho mekundu kama pilipili, na akapitwa na tukio lenyewe aliposinzia.

Njia hii inafaa kwa kitu kilichoondoka kikabaki kimeondoka: pikipiki, mtungi wa gesi, kufuli, dirisha lililovunjwa. Haifai kwa mtu aliyepita tu, kwa sababu kabla na baada ya kupita picha ni ileile.

Na kama ni mtu aliyepita?

Hapo tumia kutafuta kwa mwendo. Programu nyingi zinakuruhusu kuchora kisanduku juu ya picha, mathalani kwenye mlango wa stoo peke yake, halafu zinakuonyesha dakika ambazo kitu kilisogea ndani ya kisanduku. Kichore kidogo. Ukichora picha nzima pamoja na barabara, utaletewa kila tuktuk iliyopita Kondele.

Kisumu tuna tatizo letu ambalo vitabu vya maelekezo havilitaji: wadudu wa ziwa. Siku wanapotoka ziwani kwa mawingu, huzunguka kila chenye mwanga, na hujaa hata mbele ya kamera usiku. Mashine inahesabu kila mdudu kuwa mwendo, na mstari wote unapakwa rangi. Buibui naye hufuata chakula, anafuma utando mbele ya lenzi. Ufagio wa nyuzi laini kila wiki mbili utasaidia kuliko mpangilio wowote. Mashine mpya zinazoweza kutofautisha mtu na gari hupunguza usumbufu huo, na kama yako inayo, chuja kwa "mtu" kwanza. Usiiamini kabisa lakini. Mtu aliyejifunika gunia kwenye mvua inaweza isimtambue.

Kwa nini kuna siku hazina rekodi kabisa?

Sababu ya kawaida ni kwamba zimeshaandikwa juu. Watu huuziwa "mashine ya mwezi mzima" bila hesabu. Hesabu ni hii: kamera inayotuma megabiti 4 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne ni gigabaiti 173. Diski ya terabaiti 1 inakutosha siku tano na ushee, basi. Kamera nane, hazifiki siku tatu. Mfumo wa kubana video wa H.265 unaweza kupunguza karibu nusu ukilinganisha na H.264, kwa hiyo ukaguse mpangilio huo kabla ya kununua diski nyingine.

Sababu nyingine: stima ilipotea. Diski imekufa kimyakimya, na mashine imekuwa ikilia pii-pii wiki nzima mpaka mtu akaizima sauti kwa kuwa inasumbua wateja. Mashine imewekwa irekodi mwendo tu. Au radi, huku kwetu na kule Kakamega radi si mchezo, na kebo ndefu ya kamera inaleta umeme hadi ndani.

Naweza kutazama kwa simu nikiwa Nairobi?

Ndiyo, ila angalia bando lako. Picha kamili ya megabiti 4 inakula gigabaiti 1.8 kwa saa moja. Picha nyepesi ya kilobiti 512 inakula megabaiti 230 hivi. Tafuta kwa picha nyepesi kama mashine yako inairekodi, ukishajua dakika yenyewe ndipo ufungue kamili. Na hiyo kamili inategemea intaneti ya dukani inavyopandisha data, si ya simu yako peke yake.

Sura haionekani. Hakuna programu ya kuisafisha kama kwenye sinema?

Hakuna, na anayekuambia ipo anataka pesa yako. Programu inaweza kuongeza mwanga au kukuza, haiwezi kuleta kilichokuwa hakijarekodiwa. Kamera ya 1080p ina pikseli 1920 kwa upana. Ukiielekeza kwenye uwanja wa mita 12, kila mita inapata pikseli 160. Uso wa mtu una upana wa kama sentimita 15, kwa hiyo unapata pikseli 24. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014 kilitaka pikseli 250 kwa mita ili umtambue mtu usiyemjua, na 125 kwa mtu unayemfahamu. Ndiyo maana mwenye duka hutazama picha ileile na kusema "huyu ni kijana wetu, namjua kwa mwendo," na polisi hawaoni kitu.

Rudi nyuma kwenye rekodi. Wezi wengi huja mchana kwanza, kuuliza bei. Mtafute mwenye viatu vilevile au koti lilelile siku mbili tatu kabla, akiwa karibu na kaunta kwenye mwanga. Namba ya pikipiki nayo, ikimulikwa usiku huwa nyeupe tupu. Itazame sekunde pikipiki inapokata kona, mwanga unapoiacha.

Nimenakili kwenye flashi lakini haifunguki.

Mashine nyingine hutoa faili za aina yake, kama .dav za Dahua, ambazo hazifunguki kwa kicheza video cha kawaida. Wakati wa kunakili, weka alama kwenye chaguo la kutoa pamoja na kichezaji chake, au chagua MP4. Kama MP4 inatoa sauti bila picha, huenda ni H.265, jaribu programu ya VLC. Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, kwa hiyo nakili vipande vya dakika kumi na tano. Na ifungue kwenye kompyuta nyingine kabla hujaondoka hapo. Watu wamefika kituoni na flashi tupu.

Polisi watakubali video ya simu niliyoirekodi kutoka kwenye skrini?

Kuanza uchunguzi, inaweza kuwasaidia. Kortini ni tofauti. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, kinazungumzia cheti kinachoambatana na rekodi za kielektroniki: kinaitambulisha rekodi, kinaeleza ilivyotolewa na kifaa kilichotumika, na kinatiwa saini na mtu anayehusika na kifaa hicho. Kwa hiyo andika mapema: nani alinakili, siku na saa gani, kutoka mashine ipi na namba yake ya usajili wa kiwandani (serial number), na saa ya mashine ilitofautiana na saa halisi kwa dakika ngapi. Hapo ndipo ile picha ya simu kando ya skrini inapopata kazi. Tengeneza nakala mbili, moja ubaki nayo. Ukiripoti, chukua namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, na uiandike kwenye karatasi hiyohiyo.

Niweke picha ya mwizi kwenye grupu la WhatsApp la ploti?

Mimi ningesema usiweke. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inagusa picha ya mtu kama data yake binafsi, na biashara yenye kamera ina wajibu chini yake. Kutazama kwa matumizi ya nyumbani tu ndiko kulikosamehewa sehemu kubwa. Lakini sheria si ndiyo hofu yangu ya kwanza. Nimeeleza hapo juu jinsi saa inavyoweza kupotoka saa tano na tarehe kukosewa siku nzima. Kijana aliyepita pale asubuhi kuwahi kazini anaweza kuonekana ndiye aliyepita usiku. Neno "mwizi" likishasikika mtaani kwetu unajua kinachofuata, na hakuna anayeuliza ukanda wa saa.

Mpangaji anataka kuona rekodi za mlangoni. Nimpe?

Muulize siku na saa, mtafutie mwenyewe, mwonyeshe inayomhusu yeye. Usimpe nywila wala kipanya. Ana haki ya kuuliza data yake, hana haki ya kujua jirani yake alirudi na nani.

Fundi aliyefunga amehama na nywila.

Utahitaji namba ya usajili iliyo chini ya mashine na utaratibu wa mtengenezaji wa kurejesha nywila, na mara nyingi lazima uwe mbele ya mashine yenyewe. Usikubali mtu airudishe mashine yote kwenye hali ya kiwandani kabla rekodi unazozihitaji hazijatoka.

Fundi, huwezi kunitafutia ukiwa hapo ulipo?

Naweza, mashine ikiwa kwenye intaneti na ukanipa ruhusa ya muda ambayo utaifuta tukimaliza. Nitumie picha ya skrini ikiwa na simu yako kando, kamera ipi, kitu gani kilipotea na mara ya mwisho kilionekana lini. Na mlete soja kwenye simu, nimuulize mwenyewe ulikuwa usiku wa kuamkia lini.